Ilikuwa Lazima, au Ilikuwa Bahati Mbaya?

Zipo sentensi mbili ambazo mtu aliyezoea vikao vya tathmini hawezi kuzikosa. Ya kwanza husema: "Kwa hali ilivyokuwa, matokeo haya yalikuwa hayaepukiki." Ya pili husema: "Hakuna mtu ambaye angeweza kulitabiri jambo hili." Daraja limechukuliwa na mafuriko, mradi umekufa, fedha zimeyeyuka, mmoja wa wakubwa husimama, akatamka mojawapo ya sentensi hizo, na kikao kikahamia kwenye ajenda inayofuata. Nimewahi kumsikia mtu akizitumia zote mbili katika hotuba moja ya dakika kumi, wala hakuna aliyecheka.

Muhula uliopita, baada ya mhadhara wangu kuhusu historia ya mipango ya maendeleo, mwanafunzi wa mwaka wa pili alinifuata hadi mlangoni. "Mwalimu," akaniuliza, "sayansi inasema kila tukio lina sababu, na sababu hiyo nayo ina sababu yake, hadi mwanzo wa ulimwengu. Basi tunamwajibisha mtu kwa msingi gani? Na wale wanaosema kwamba mambo mengine hutokea kwa nasibu tu, je, si ndiyo wanatunyima kabisa mtu wa kumwajibisha?" Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayechelewa kikao kingine. Nilimwambia kwamba fizikia haina la kusema kuhusu uwajibikaji. Lilikuwa jibu la kivivu, kwa sababu wanafizikia wenyewe, na wanasiasa waliowasikiliza, wamelibeba swali hilo kwa zaidi ya miaka 200. Makala haya ni deni langu kwa mwanafunzi yule.

Tuanze na mtu ambaye watumishi wa umma wangepaswa kumfahamu kuliko wanavyomfahamu. Mwezi Novemba 1799, Napoleon Bonaparte alipotwaa madaraka Ufaransa, alimteua mwanahisabati Pierre-Simon Laplace kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Uteuzi huo ulidumu wiki sita tu. Miaka mingi baadaye, akiwa mfungwa katika kisiwa cha St Helena, Napoleon alimkumbuka waziri wake huyo kwa kejeli: hakuliona jambo lolote katika sura yake halisi, alitafuta vijambo vidogo vidogo kila mahali, na mwishowe akaingiza katika utawala wa nchi roho ya hisabati ya vitu vidogo visivyo na kikomo. Sijui waziri mwingine aliyeondolewa kazini kwa kosa la kuwa makini kupita kiasi.

Laplace huyo ndiye aliyeipa fikra ya ulazima sura yake maarufu. Katika insha yake ya kifalsafa kuhusu uwezekano, iliyotoka 1814, alitutaka tuwazie akili moja kubwa inayozifahamu kani zote za maumbile na mahali kilipo kila kitu kwa wakati mmoja. Kama akili hiyo ingekuwa na uwezo wa kuzikokotoa taarifa hizo, alisema, hakuna ambacho kingekuwa na shaka kwake. Wakati ujao na uliopita ungekuwa wazi mbele ya macho yake kama wakati uliopo. Watu huinukuu fikra hiyo kana kwamba ni majivuno. Wanasahau ilipoandikwa. Imo katika kurasa za mwanzo za kitabu kinachofundisha namna ya kuamua mambo pale ambapo hatuna uhakika. Laplace alimtaja yule mjuzi wa yote ili atuambie kwamba sisi siye, wala hatutakuwa kamwe, na kwamba kwa sababu hiyo tunahitaji hisabati ya uwezekano. Ulimwengu kwake ulikuwa wa lazima. Ujuzi wetu juu yake ndio uliokuwa wa kubahatisha.

Ujasiri wa kuamini ulazima haukutoka hewani. Edmond Halley alikuwa amesema kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi karibu na mwisho wa 1758. Halley alifariki mwaka 1742, kabla ya siku hiyo. Alexis Clairaut, akisaidiwa na Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute, alikaa miezi akipiga hesabu za mivutano ya Mshtarii na Zohali juu ya nyota hiyo, wakatangaza kwamba ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba huenda wamekosea kwa mwezi mmoja. Usiku wa Krismasi wa 1758 mkulima mmoja wa Saxony, Johann Georg Palitzsch, aliiona kwa darubini yake. Ilipita karibu na Jua tarehe 13 Machi. Tazama jambo lililo zuri zaidi katika kisa hiki: watabiri hao walitaja kiasi cha kosa lao kabla tukio halijafika, na tukio likaangukia karibu na ukingo wa kosa hilo. Ni ripoti ngapi za makadirio ya bajeti zinazofanya hivyo?

Mwaka 1846 ukaja ushindi mkubwa zaidi. Urbain Le Verrier, akiwa Paris na kalamu yake, alichunguza jinsi sayari ya Urani ilivyokuwa ikikengeuka njia iliyotarajiwa, akahitimisha kwamba ipo sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta. Aliandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba, siku ile ile barua ilipofika, Johann Galle aliielekeza darubini pale alipoambiwa, akaikuta Neptuni ikiwa chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Baada ya hapo, nani angethubutu kusema kwamba kipo kitu kisichokokotoleka?

Hapo ndipo hesabu za mbinguni ziliposhuka kwa binadamu. Laplace mwenyewe alikuwa amegusia kwamba hata idadi ya barua zinazokwama posta ya Paris kwa kukosa anwani sahihi hubaki karibu ile ile mwaka hadi mwaka. Kila barua ina kisa chake: huyu alikuwa na haraka, yule hajui kuandika vizuri, mwingine amelewa. Hata hivyo jumla yake hutulia kana kwamba imewekewa amri. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mnajimu wa mahesabu aliyegeuka mtakwimu, aliichukua fikra hiyo akaipeleka mbali. Katika kitabu chake cha 1835 alionyesha kwamba idadi ya mauaji, na hata aina za silaha zilizotumika, zilijirudia Ufaransa kila mwaka kwa uthabiti wa kutisha. Alisema kwamba jamii ndiyo inayoandaa uhalifu, na mhalifu ni chombo tu cha kuutekeleza. Akamzaa "mtu wa wastani", kiumbe asiyekuwepo popote lakini ambaye sera za serikali zimekuwa zikimhudumia tangu siku hiyo.

Swali la mwanafunzi wangu, kwa hiyo, ni la Quetelet. Nalo lina makosa ndani yake ambayo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Uthabiti wa jumla haumlazimishi mtu mmoja mmoja. Kutokana na idadi ya barua zilizopotea huwezi kujua ni ipi itakayopotea. Na postamasta akiamua kuajiri karani anayesoma miandiko mibaya, idadi yenyewe itashuka. Kinachoonekana kama amri ya maumbile mara nyingi ni mpangilio ambao hakuna aliyejisumbua kuubadilisha.

Kosa la pili la kuuabudu wastani tunalijua hapa kwetu kwa gharama. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Rodesia ya Kaskazini kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa ya safari hiyo ikiwa kwa ndege. Ukarudi na mpango wa mashamba 107 ya karanga, kila moja ekari 30,000. Jumla ni ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Shamba la majaribio halikuwepo, kwa kuwa wakati ulikuwa haba. Kongwa ilichaguliwa kwa takwimu chache za mvua. Udongo wake, ukikauka, hushikana kama saruji, na mvua ya Ugogo haina adabu ya kuja kwa wastani: mwaka huu hufurika, mwaka ujao hugoma. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500. Mpango ulizikwa rasmi mwanzoni mwa 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza.

Je, haikutabirika? Wagogo walikuwa na jina la njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920: waliiita Mtunya. Ilitokana na ukame uliofungamana na unyakuzi wa chakula na mifugo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wazee walioinusurika walikuwa hai Wakefield alipopita. Jina la njaa ni takwimu pia, ingawa haliingii katika jedwali. Kumbukumbu ya namna hiyo haitunzi wastani wa mvua. Hutunza ukubwa wa mkengeuko, yaani kile hasa ambacho mpangaji alihitaji kukijua.

Turudi kwenye anga, kwa kuwa huko nako imani ya ulazima ilikuwa karibu kupata ufa, na ufa huo uliletwa na kosa. Mfalme Oscar wa Pili wa Sweden na Norway alikuwa anatimiza miaka 60 tarehe 21 Januari 1889. Mwanahisabati Gösta Mittag-Leffler alimshawishi atoe tuzo ya kitaaluma. Mojawapo ya maswali ya shindano liligusa uthabiti wa mfumo wa Jua: ikiwa sayari zote zinavutana, je, zitaendelea kuzunguka milele, au ipo siku moja itatupwa nje? Mvutano wa vitu viwili Newton alikuwa ameumaliza. Vitu vitatu tu vinatosha kuvuruga kila kitu.

Henri Poincaré, aliyekuwa na umri wa miaka 34, alishinda. Kazi yake ilikuwa imekwisha kuchapishwa, ikisubiri kusambazwa, wakati kijana Edvard Phragmén, mhariri msaidizi wa jarida la *Acta Mathematica*, alipomwomba afafanue sehemu chache zisizoeleweka. Poincaré alipozitazama upya akagundua kosa kubwa mahali pengine. Alikuwa amethibitisha uthabiti usiokuwepo. Nakala zilikusanywa kimya kimya. Yeye akaandika upya, na kazi iliyokuwa na kurasa 158 ikatoka mwaka 1890 ikiwa na kurasa 270. Gharama ya uchapaji uliofutwa alilipishwa yeye: kronor 3,585, wakati tuzo yenyewe ilikuwa kronor 2,500. Alilipa. Ninapenda sana kuwasimulia wanafunzi tarakimu hizo mbili, nao hucheka, kisha huacha kucheka.

Alichokigundua wakati wa kurekebisha ni kwamba milinganyo ile ile ya Newton, isiyo na chembe ya nasibu ndani yake, inaweza kuzaa mwendo uliosokotana kiasi kwamba yeye mwenyewe alikiri hawezi hata kujaribu kuuchora. Mwaka 1908 alilieleza jambo hilo kwa lugha ya kawaida katika kitabu chake cha *Science et méthode*: sababu ndogo sana isiyoonekana huleta tokeo kubwa lisiloweza kufichika, nasi husema tokeo hilo limeletwa na bahati. Ulazima na nasibu, vilivyodhaniwa kuwa maadui, vilikuwa vinaishi nyumba moja.

Ugunduzi huo ulilala kwa miongo kadhaa. Uliamshwa mwaka 1961 na Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT, aliyekuwa akiigiza mwendo wa hewa kwa kompyuta yenye ukubwa wa dawati. Akitaka kurudia sehemu ya hesabu, aliingiza namba kama zilivyochapwa kwenye karatasi, 0.506, badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya karatasi ya pili haikufanana hata kidogo na ya kwanza. Tofauti ya chini ya sehemu moja kwa elfu ilikuwa imeumeza utabiri wote. Makala yake ya 1963 ilisomwa na wachache. Mhadhara wake wa 1972 kuhusu kipepeo wa Brazil na kimbunga cha Texas ndio uliozagaa duniani, mara nyingi kwa maana potofu. Lorenz hakusema kwamba kipepeo husababisha kimbunga kama nyundo inavyovunja nazi. Alisema kwamba kosa letu dogo la kupima hukua, tena hukua kwa kuzidishwa, hadi linakuwa kubwa kama kitu chenyewe tunachokitabiri.

Sayari zenyewe hazikusalimika. Mwaka 1989 Mfaransa Jacques Laskar alionyesha kwa kompyuta kwamba mwendo wa sayari za ndani, Dunia ikiwemo, nao una tabia hiyo. Ukikosea mahali ilipo Dunia leo kwa mita 15, baada ya miaka milioni 10 kosa litakuwa mita 150 hivi, jambo la kuchekesha tu. Baada ya miaka milioni 100 litakuwa kilomita milioni 150, yaani umbali wote kutoka hapa hadi kwenye Jua: hujui tena Dunia iko upande gani. Mwaka 2009 Laskar na Mickaël Gastineau waliigiza mustakabali wa mfumo wa Jua mara 2,501, kila mara wakihamisha mahali pa Utaridi kwa kiasi kisichozidi mita moja hivi. Katika karibu asilimia moja ya maigizo hayo njia ya Utaridi inarefuka vibaya kabla ya miaka bilioni 5 kutimia. Nyumba aliyoijenga Laplace imebaki imesimama, ila sasa tunazungumzia asilimia.

Ni hapa ambapo suala la ukomo linaingia, nalo ndilo ninaloliona kuwa gumu na tamu kuliko yote. Ili yule mjuzi wa Laplace afanye kazi yake, hatoshi kujua mahali pa chembe hadi tarakimu ya mia baada ya nukta. Anahitaji tarakimu zote, na tarakimu hizo hazina mwisho. Kila tunapotaka kusogeza utabiri mbele kwa kipindi fulani, tunadaiwa tarakimu zaidi. Kutabiri milele kunadai tarakimu zisizo na kikomo. Mwanafizikia Nicolas Gisin wa Geneva ameuliza swali ambalo nadhani Laplace angelipenda: je, kipande kidogo cha nafasi kinaweza kweli kubeba taarifa zisizo na kikomo? Kama hakiwezi, basi tarakimu za mbali hazipo bado, na hata fizikia ya Newton haikuwa ya ulazima kamili. Tuliichanganya hisabati tuliyoitumia na ulimwengu wenyewe. Wengi hawakubaliani naye. Lakini angalia jinsi ulazima, uliodhaniwa kuwa jambo la hakika na la karibu, ulivyokuwa umefichama ndani ya deni lisilolipika.

Kuhusu ukomo wa ulimwengu wenyewe, historia yake ina damu. Giordano Bruno, aliyefundisha kwamba ulimwengu hauna mipaka na umejaa malimwengu yasiyohesabika, alichomwa moto akiwa hai katika uwanja wa Campo de' Fiori, Roma, tarehe 17 Februari 1600. Fundisho hilo lilikuwa moja tu kati ya mengi aliyoshtakiwa kwayo. Hoja ya kitaalamu dhidi yake ilikuwa nyepesi ajabu, na kila aliyewahi kulala kijijini pasipo umeme ameiona: usiku ni giza. Kepler aliligusia mwaka 1610, na Heinrich Olbers wa Bremen akalieleza mwaka 1823. Kama nyota zingeenea bila kikomo na zingekuwepo tangu milele, kila upande ambao jicho lingeelekea lingekutana na nyota, na mbingu yote ingewaka kama uso wa Jua. Giza linatuambia kwamba walau kimoja kina ukomo. Sasa tunajua ni wakati: ulimwengu tunaouona una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na mwanga wa mbali zaidi haujapata nafasi ya kutufikia. Nafasi yenyewe kama ina mwisho, vipimo vilivyopo haviamui.

Na iwapo haina mwisho? Katika kazi ile ile ya 1890 Poincaré alithibitisha kwamba mfumo uliofungiwa, ukiachiwa muda wa kutosha, hurudi karibu kabisa na hali yake ya mwanzo. Mwaka 1896 Ernst Zermelo aliitumia hoja hiyo kumshambulia Ludwig Boltzmann, aliyefundisha kwamba joto husambaa na halirudi kwa sababu ya uwezekano tu. Boltzmann alijibu kwamba muda unaohitajika ni mrefu kupita kipimo chochote chenye maana. Hoja zote mbili zilikuwa sahihi. Ndiyo hatari ya kutumia ukomo usiokuwepo katika mambo ya watu: ukipewa muda usio na mwisho, kila kitu kitatokea, hata barabara ya kijijini kwetu itatiwa lami. Mwanaharakati anayeambiwa avute subira kwa kuwa historia iko upande wake anapaswa kuuliza ni subira ya miaka mingapi.

Lipo tabaka moja zaidi, na hapo nasibu si ujinga wetu tena. Ernest Rutherford na Frederick Soddy, wakifanya kazi Montreal mwanzoni mwa karne ya 20, waligundua kwamba vitu vyenye mnururisho huvunjika kwa kanuni ya ajabu. Gramu moja ya radiumu huvunjika atomi takriban bilioni 37 kila sekunde, na baada ya miaka 1,600 hivi nusu yake huwa imekwisha. Lakini atomi haizeeki. Iliyokaa miaka elfu haiko karibu na kuvunjika kuliko iliyozaliwa jana. Radiumu hiyo, tangu mwaka 1922, ilisafishwa kwa wingi Olen, Ubelgiji, kutokana na madini ya Shinkolobwe, Katanga, ambako walioyachimba walikuwa Wakongo, wengi wao wakisema Kiswahili hiki hiki. Vitabu vya fizikia humtaja Rutherford. Mchimbaji hatajwi, naye ndiye aliyekuwa akiishika nasibu hiyo kwa mikono mitupu.

Mwaka 1926 Max Born alipendekeza kwamba milinganyo mipya ya kwanta haitoi mahali pa chembe bali uwezekano wa kuikuta. Albert Einstein alimwandikia Desemba mwaka huo kwamba sauti ya moyoni mwake inamkatalia. Hakuamini kwamba Mungu anacheza dadu. Aliamini kwamba kuna maelekezo yaliyofichika ambayo hatujayaona. Kwa karibu miaka 40 mzozo ulionekana kuwa wa kifalsafa tu, hadi John Bell, mzaliwa wa Belfast, alipoonyesha mwaka 1964 kwamba unaweza kupimwa.

Nitaueleza kwa mfano wa kazi yangu. Wanafunzi wawili wamewekwa vyumba tofauti, hawawezi kuwasiliana. Kila mmoja anaulizwa swali A au B, kwa kuchaguliwa ovyo. Sharti ni kwamba majibu yao, ndiyo au hapana, yafanane, isipokuwa wote wawili wakiulizwa B, hapo yatofautiane. Wanaweza kukubaliana mapema, wakaingia na karatasi za majibu mifukoni. Vyovyote watakavyopanga, hawatapata zaidi ya asilimia 75. Chembe zilizozaliwa pamoja hufikia karibu asilimia 85. Majaribio ya John Clauser na Stuart Freedman ya 1972, ya Alain Aspect ya miaka ya mwanzo ya 1980, na lile la Delft la 2015 lililozitenganisha chembe kwa umbali wa takriban kilomita 1.3, yote yamesema hivyo. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Hakuna karatasi mfukoni, angalau si karatasi ya namna ambayo Einstein aliitaka. Kwa uaminifu niseme kwamba wapo wanaoushikilia ulazima bado: David Bohm aliunda mwaka 1952 nadharia ambamo kila chembe ina njia yake maalumu, ila lazima ikubaliwe kwamba tukio la hapa laweza kugusa la mbali papo hapo. Mlango haujafungwa, bei ya kuingia ndiyo imepanda.

Sasa nirudi mlangoni pa darasa. Katika historia hii yote sijamwona mtu ambaye alipata nafuu ya kukwepa kazi yake kwa sababu ya ulazima wala nasibu. Clairaut, aliyeamini ulazima, alitaja kosa lake kwa miezi. Poincaré, aliyeuonyesha mpaka wa utabiri, alitoa fedha mfukoni. Wataalamu wa hali ya hewa waliomsoma Lorenz hawakufunga ofisi. Walianza kuendesha kila utabiri mara nyingi kwa vianzio vilivyotofautiana kidogo, ndiyo maana taarifa zao leo husema uwezekano wa mvua kubwa ni kiasi gani. Anayepokea taarifa hiyo na kuiweka kwenye droo hawezi baadaye kusema kwamba haikutabirika. Wala hawezi kusema kwamba ilikuwa lazima, kwa kuwa karatasi aliyoifungia ilimwambia kinyume.

Nilimtafuta yule mwanafunzi nikamweleza haya, kwa kirefu kidogo kuliko nilivyoandika. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akauliza: "Na kama karatasi ilisema asilimia 20, mwalimu? Alipaswa kuhamisha watu bondeni kwa asilimia 20?" Nikamuuliza bonde lina watu wangapi. Akasema hajui. Tumekubaliana Alhamisi aje na idadi hiyo, pamoja na gharama ya malori.